Aliyeshika Ufito

Wiki nzima mmenipigia simu. Nani yuko nyuma ya mlango? Shahidi gani huyo? Mama mmoja wa Mlimba kanitishia kwamba nisipomwambia ataacha kununua gazeti. Haya mama, kaa vizuri, mlango unafunguliwa.

Mnakumbuka tulipoachana. Ofisi ya tawi la chama cha wafanyakazi, pale Kibaoni, Jumamosi mchana, joto halina adabu. Dorotea, mkata miwa wa shamba la Mkasati, amesimama mbele ya meza. Kachukua fomu ya kugombea uenyekiti wa tawi, na Mwenyekiti Polikarpo, aliyekikalia kiti hicho mpaka anakiona cha urithi, kamwekea pingamizi. Msimamizi wa uchaguzi, Bwana Abdulkarim, katumwa kutoka kanda aje aamue: jina la Dorotea libaki au likatwe. Wakata miwa wenzake wamejazana mlangoni na madirishani. Na Polikarpo, kwa ile sauti yake ya kusoma somo kanisani, kasema, "Shahidi wangu aingie."

Akaingia mzee Dionisi.

"Haiwezekani," Dorotea akasema.

Dionisi! Mnyapara wa genge lake mwenyewe! Mzee aliyekula ubwabwa nyumbani kwa Dorotea Jumapili iliyopita, akaomba na ukoko!

Dionisi akaja taratibu, mkono mmoja ukipapasa migongo ya viti, akasimama. Hakumtazama Dorotea. Hakumtazama mtu yeyote.

"Mzee wangu, shikamoo," Polikarpo akaanza, mtamu kama nini.

"Marahaba."

"Unamfahamu huyu mama?"

"Namfahamu. Ni mtu wa genge langu."

"Msimu uliopita, nani alikuwa anapima ngwe za genge lako?"

"Yeye."

"Siku moja? Mbili?"

"Msimu mzima."

"Basi alikuwa nani kwako?"

Dirishani mtu akakohoa.

"Msaidizi wangu," Dionisi akasema.

"Mwongo!" Dorotea akapiga meza kwa kiganja mpaka kalamu ya Abdulkarim ikaruka. "Mwongo mkubwa wewe!"

"Mama, tafadhali," Abdulkarim akasema.

"Tafadhali nini? Msaidizi! Nani alinipa usaidizi? Lini? Nilipandishwa wapi?"

Kwa msomaji asiyewahi kushika panga, nikueleze haraka haraka, tusipoteze muda. Kule shambani, kabla mtu hajagusa muwa, mnyapara hupita na ufito wa kupimia. Anamkatia kila mmoja ngwe yake, ndiyo kazi yake ya siku. Ukikata bila kupimiwa umekata bure, hakuna atakayekuhesabia. Sasa mnyapara naye ni mtu, anaugua, anafiwa. Siku hiyo genge halirudi kambini kulala. Linampa ufito mmoja wao anayeaminika, anapima, kazi inaendelea. Hakuna barua wala nyongeza. Ni kusaidiana tu, tangu shamba lile lilipoanza.

Dorotea alishika ufito. Kweli alishika. Na hapo ndipo Polikarpo alipomkamatia.

Abdulkarim akafungua kitabu cha kanuni, akasoma polepole ili hata wa dirishani wasikie. Mwanachama anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri ataendelea kuwa mwanachama, lakini hatagombea uongozi wa chama.

Kanuni nzuri kabisa! Iliwekwa ili watu wa bosi wasije wakajipenyeza kuwaongoza wafanyakazi. Nani angeipinga? Ila leo imeshikwa na Polikarpo, mtu anayekula mchana na meneja na usiku na meneja, anamchinjia nayo mkata miwa. Jamani! Hivi kuna watu hawana haya?

"Bwana msimamizi," Polikarpo akasema, mikono kaifumbata tumboni, "mimi binafsi nampenda huyu mama. Lakini kanuni ni kanuni. Mtu wa mwajiri hawezi kuwa mwenyekiti wa wafanyakazi."

"Mtu wa mwajiri ni wewe!" ikapigwa kelele dirishani. Alikuwa Agnella, anayekata ngwe ya jirani na Dorotea miaka yote, mama wa makamo mwenye ulimi usio na breki. "Wewe ndiye mtu wa mwajiri, Polikarpo! Febronia alipokufa ulisema nini?"

Jina hilo likatuliza ofisi nzima.

Febronia ndiye aliyemfanya Dorotea achukue fomu. Mnajua wakata miwa wa Mkasati wanavyosafirishwa kwenda shambani: wanapandishwa juu ya tela lilelile la kubebea miwa, wamesimama, wameshikana viuno, mapanga mkononi, trekta linavuta. Mwezi wa saba, kwenye ile kona ya mfereji mkuu, tela likayumba, Febronia akateleza. Gurudumu la nyuma likampitia. Dorotea ndiye aliyemshika kichwa mpaka akakata roho. Polikarpo akaja msibani na kreti la soda, akasimama mbele ya jeneza, akasema ni mapenzi ya Mungu.

"Mungu ndiye anayeendesha trekta?" Dorotea alimuuliza palepale, mbele ya padri.

Alitaka kitu kimoja tu: basi. Basi la kubeba watu, tela libebe miwa. Mwenyekiti wa tawi ndiye anayekaa na menejimenti kudai vitu kama hivyo, na kwa miaka yote ile Polikarpo hakuwahi kudai hata turubai la kujikinga mvua. Asubuhi hiyo hiyo ya Jumamosi watu walikuwa wamepanda tela lilelile. Jumatatu wangepanda tena.

Abdulkarim akatazama saa ya ukutani, akafunga kitabu. "Adhuhuri imeingia. Naomba dakika chache nikaswali, fomu mwisho ni saa tisa, muda tunao. Nikirudi, mama, utajibu, halafu nitaamua."

Dorotea hakungoja. Alitoka kwa mlango wa nyuma, na huko, kando ya bomba, akamkuta Dionisi peke yake kashikilia ukuta. Ng'ambo ya ua mtu alikuwa anakaanga kitoga, samaki wa mtoni, moshi unawajia usoni.

"Shikamoo yangu leo huipati," Dorotea akasema.

Dionisi akageuza uso, lakini akaugeuzia upande wa bomba. "Mama Evod. Nisikilize kwanza."

"Nikusikilize nini? Nimekuwa macho yako msimu mzima! Mzee, kuna shimo. Mzee, meneja huyo anakuja, mpungie mkono. Mzee, hapo ni mfereji, ruka. Leo mimi ni msaidizi wako?"

Naam, msomaji. Sasa unajua. Dionisi haoni.

Jicho la kushoto liliingia ukungu, la kulia likafuata. Genge zima lilijua na genge zima lilikaa kimya. Kwa nini? Kwa sababu walikwisha kuonja mnyapara wa kabla yake. Yule alikuwa anakurefushia ngwe usipomchekea, na akina mama ndio waliokoma zaidi. Dionisi hajawahi kumwonea mtu hata hatua moja. Kwa hiyo macho yalipomwishia walikaa, wakakubaliana: mzee atembee mbele na ufito begani, wazungu wa menejimenti wakipita wamwone. Wakishapita, Dorotea apime. Walimficha kazini kwake, akiwa amesimama juani kila siku. Nani mwingine angefanya hivyo ila wakata miwa?

"Kajua," Dionisi akasema. "Polikarpo kajua. Alikuja nyumbani, akanyoosha mkono tusalimiane. Sikuuona. Akauacha hewani, mimi naongea tu, namuuliza habari za watoto. Halafu nikamsikia anacheka."

"Akasema nini?"

"Nije niseme wewe ni msaidizi wangu. Nisipokuja, anampelekea afisa utumishi habari za macho yangu. Nikija, ananitunzia siri mpaka nistaafu. Kaapa kwa Bikira Maria."

"Na wewe ukaniuza."

"Ningefanyaje? Mimi na macho haya niende wapi?"

"Ungekuja kwangu!" Dorotea alipaza sauti mpaka mkaanga kitoga akageuka. "Mlango wangu unaujua hata kwa kupapasa! Ungeniambia, Mama Evod, nimebanwa. Tungepanga! Umeona bora uniangushe mimi, mbele ya watu wote, kuliko kuniamini?"

Mzee machozi yakamtoka. Macho hayaoni, lakini kulia yanalia.

"Nakuomba kitu kimoja," akasema. "Usiniseme mle ndani."

Dorotea akamwacha pale bombani. Alirudi ndani amekunja ngumi.

"Mama, unasemaje juu ya ushahidi huu?" Abdulkarim akauliza alipokwisha kukaa.

"Nimeshika ufito, sikatai. Lakini naomba umuulize yule pale. Shoga Agnella, pita ndani. Umewahi kushika ufito?"

"Eh! Mara ngapi! Hata mnyapara alipokwenda kuvuna mpunga wake Malinyi, nilishika mimi. Mbona hamjanipandisha cheo?" Watu wakacheka. "Na wote hao dirishani wameshika. Nyosheni mikono, jamani, msiogope kitambi cha mtu!"

Mikono ikanyooshwa. Dirisha la kwanza, la pili, mlangoni, mpaka nje barabarani. Abdulkarim akasimama kidogo ili aone mwisho wake, asiuone.

"Na Mwenyekiti naye," Agnella akaendelea, "enzi zile anakata miwa, kabla hajajenga Lumemo na kuanza kutuita wananchi, alishika. Nilikuwepo. Kataa, Polikarpo. Kataa nikutajie na siku uliyopima ngwe ya mkeo ikatoka fupi!"

Ofisi ikapasuka kwa kicheko. Abdulkarim mwenyewe aliziba mdomo kwa leso. "Mwenyekiti, ni kweli?"

Polikarpo akaitikia kwa kichwa. Wala hakuonekana kuumia. Hapo ndipo Dorotea angepaswa kustuka, maana Polikarpo akikubali kitu kirahisi jua kuna shimo mbele.

"Basi hii ni desturi ya kazi, si cheo," Abdulkarim akasema. Akachukua kalamu. "Sioni sababu ya..."

"Bwana msimamizi, kidogo tu." Polikarpo akanyanyuka. "Sisi wote tumeshika ufito. Nakubali. Tumeshika mnyapara alipougua, alipofiwa, alipokwenda kuvuna mpunga. Siku moja, siku mbili, anarudi, tunamrudishia. Sivyo, dada Agnella?"

"Ndivyo," Agnella akasema, na hapohapo akajutia mdomo wake.

"Huyu mama kashika msimu mzima. Mzee Dionisi hakuugua. Hakufiwa. Kila siku alikuwepo shambani, meneja kamwona kwa macho yake. Sasa mnyapara yupo, kasimama, mzima, halafu ngwe zinapimwa na mtu mwingine, huyo mtu ni nani kama si msaidizi wake?" Akamgeukia Dorotea, akatabasamu. "Kama kuna sababu nyingine, aiseme. Mimi nitakuwa wa kwanza kufuta pingamizi langu."

Loo! Mnaona mtego ulivyotegwa?

"Mama," Abdulkarim akasema, "hilo ni swali la haki. Kwa nini ulipima msimu mzima wakati mnyapara yupo?"

Dorotea akamtupia mzee jicho.

Pembeni Dionisi alikuwa ameinamisha kichwa. Agnella alikuwa anamtikisia Dorotea kichwa, usiseme, usiseme. Dirishani hapakuwa na mtu anayecheka tena. Genge zima lilikuwa linamwangalia, maana siri ile ilikuwa ya wote.

"Mama, nikikosa jibu nitalikata jina."

Hasira ilimpanda. Hasira ya Polikarpo na tabasamu lake. Hasira ya mzee ambaye yeye alimfichia aibu yake siku zote zile, na leo kaja kumnunulia fedheha. Akamwona Febronia pale kwenye kona ya mfereji, leso ya kichwani imemvuka, anauliza kama watoto wamekwisha kula. Akawaona hawa hawa wa dirishani Jumatatu asubuhi, wameshikana viuno juu ya tela. Nani atawashusha? Polikarpo? Anyamaze, jina likatwe, halafu mwingine aende chini ya gurudumu kwa sababu ya macho ya mzee mmoja aliyemgeuka?

"Kwa sababu haoni!" akapiga kelele. "Mzee Dionisi haoni! Kipofu! Mmeridhika? Nimepima kwa sababu mnyapara wenu ni kipofu!"

Dionisi akakaa kwenye kiti taratibu, kama mtu aliyekuwa anajua kitakuja na kimefika. Akaufunika uso kwa viganja.

Abdulkarim akamsogelea, akanyoosha mkono mbele ya uso wake, akasubiri, akaushusha. "Pole, mzee," akasema kwa sauti ya chini. Akarudi mezani. "Sababu nimeisikia na nimeiona. Huyu mama hakuwa msaidizi wa mwajiri. Alikuwa anamsitiri mtu. Pingamizi nimelitupa. Jina la Dorotea linabaki."

Ameshinda! Haya, pigeni makofi!

Hakuna aliyepiga. Hata mmoja.

"Hongera, Mama Evod," Agnella akasema. Walizoea kuitana shoga. "Umepata ulichokuwa unakitaka."

"Shoga, ulitaka nifanyeje?"

"Mimi sijui. Ila mimi nisingemsema." Akampa mgongo, akatoka, na watu wa dirisha la kwanza wakatoka naye.

Dorotea alisimama pale na ushindi wake, na ushindi ulimchoma. Alijua alichokifanya. Alitaka kumchukia Dionisi ili apate nafuu, akajikuta anajichukia mwenyewe. Na Polikarpo, aliyeshindwa, alikuwa anajipangusa jasho kwa raha zake kama mtu aliyekwisha kula pilau. Huyu ameshindwa kitu gani? Mbona hana wasiwasi?

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguka.

Akatoka Bwana Faustino, afisa utumishi wa shamba la Mkasati. Suruali imenyooshwa, simu mkononi. Alikuwa humo tangu asubuhi! Alikuwa kakaa kwenye chumba cha ofisi ya chama, chama cha wafanyakazi, anasikiliza ukutani! Na nani kamfungulia? Mwenye ufunguo ni mmoja tu.

"Samahani kwa kuwaingilia," Faustino akasema. "Nimesikia jambo linalohusu usalama kazini, siwezi kunyamaza. Mzee Dionisi, pole sana. Lakini kuanzia sasa unyapara wako umekwisha. Unarudi kuwa mfanyakazi wa kawaida mpaka menejimenti itakapoamua juu yako."

"Uliapa," Dionisi akasema, uso kauelekeza alikosikia Polikarpo anapumua. "Uliapa kwa Mama wa Mungu."

"Mimi sijasema neno, mzee," Polikarpo akajibu. "Kasema yeye."

Shetani huyo!

"Jambo la pili," Faustino akaendelea. "Mama Dorotea ametuhakikishia mwenyewe kwamba kapima msimu mzima, na ofisini kwangu hakuna lalamiko hata moja. Mtu wa namna hiyo kampuni haiwezi kumwacha akate miwa. Hongera, mama. Kuanzia dakika hii wewe ndiye mnyapara wa genge hilo. Barua utaipata Jumatatu."

Dorotea akaelewa. Akamgeukia Abdulkarim.

"Nikikubali?"

Abdulkarim alikuwa anaangalia kitabu cha kanuni bila kukisoma. "Ukikubali unakuwa msimamizi kwa niaba ya mwajiri. Sitakuwa na njia. Nitalikata jina."

"Nikikataa?"

"Kukataa agizo halali la kazi ni kosa la nidhamu," Faustino akadakia. "Nitalazimika kukusimamisha kazi."

"Na aliyesimamishwa?"

"Hagombei mpaka shauri lake liishe," Abdulkarim akasema. Safari hii alimtazama Polikarpo, na hakumtazama kwa upole.

Dorotea akacheka. Kicheko kibaya, cha mtu aliyefikishwa ukingoni. Kumbe angenyamaza angekatwa, kasema kakatwa, akikubali anakatwa, akikataa anakatwa. Na kaziba njia zote yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, na mzee wa watu kamwangusha bure. Bure kabisa!

"Kwa hiyo unanipa kazi ya huyu mzee," akamwambia Faustino. "Anaisikia hapa hapa inavyochukuliwa, halafu niipokee."

"Ni kupandishwa cheo, mama. Wenzako wanalilia."

"Basi wape wanaolilia. Mimi nimemsema, Mungu atanihukumu. Lakini kiti chake sikikalii. Nisimamishe."

"Fikiria vizuri. Una mtoto."

"Mtoto wangu usimtaje! Umenisikia? Nisimamishe! Nisimamishe hapa hapa wanione, wewe pamoja na huyo kibaraka wako anayekufungulia milango! Jumatatu mtawapandisha hawa kwenye tela, mkiua mwingine msiseme Mungu. Semeni Faustino! Semeni Polikarpo!"

Waliotoka walikuwa wanarudi dirishani, wanasukumana. Agnella alikuwa mbele.

"Sawa," Faustino akasema. "Umesimamishwa kazi kuanzia sasa."

"Asante."

Polikarpo akakohoa, akavuta shati. "Bwana msimamizi, inasikitisha, lakini ndiyo hivyo. Nadhani mgombea kabaki mmoja. Utangaze tu kwamba nimepita bila kupingwa, watu wakapumzike."

Abdulkarim akachukua kalamu. Aliishika muda mrefu, anaizungusha, na ilionekana wazi kwamba moyo haumtumi. Lakini angefanyaje? Mgombea ni mmoja.

"Bwana msimamizi." Ilikuwa sauti ya Dionisi.

Mzee alikuwa anasimama. Mkono ulitafuta mgongo wa kiti, ukakosa, ukabaki unaelea. Dorotea alikuwa karibu. Akamsogezea kiwiko bila kusema kitu, na Dionisi akakishika.

"Naomba kuuliza. Mimi ni mwanachama?"

"Ndiyo, mzee. Wanyapara wote ni wanachama, mnakatwa ada kama wengine."

"Nilikuwa sigombei kwa sababu nasimamia watu."

"Ndiyo."

"Sasa hivi namsimamia nani?"

Abdulkarim akamtazama Faustino. Faustino akafungua mdomo, akaona alichokifanya, uso ukambadilika.

"Kwa kauli ya afisa utumishi mwenyewe, mbele yangu," Abdulkarim akasema polepole, "humsimamii mtu yeyote."

"Kuna kanuni inayosema kiongozi wa tawi lazima awe anaona?"

"Hakuna."

"Basi naomba fomu."

Weee! Ofisi ilitaka kubomoka. Mtu alipiga ukuta wa nje kwa kiganja, wenzake wakafuata, mabati yakalia. "Utahitaji mdhamini!" Abdulkarim akapaza sauti juu ya kelele, na Agnella alikuwa ameshaingiza mguu dirishani. "Niandike mimi! Niandike, nakuja!"

"Haiwezekani!" Polikarpo alikuwa kasimama, jasho la raha limegeuka jasho jingine. "Muda umekwisha! Mwisho wa kuchukua fomu ni saa tisa, na saa tisa imepita! Bwana msimamizi, imepita!"

Kelele zikakatika.

Dionisi akageuza uso kufuata ile sauti, akiwa bado kashikilia kiwiko cha Dorotea.

"Hapo ukutani kuna saa, Mwenyekiti, naisikia," akasema. "Hebu wasomee wenzetu ni saa ngapi. Mimi, kama ulivyotaka wote wajue, sioni."

Polikarpo hakugeuza shingo.